Kura ya Kivu ya Kaskazini inahesabiwa namna gani katika uchaguzi wa raisi?

Kila mara Marekani inapochagua raisi, maswali yanakuwa mengi hapa Goma. Kwenye moto, sokoni Virunga, mbele ya televizyo ya jirani: «Wale wanahesabu kwa jimbo. Na siye je? Kivu ya Kaskazini iko na kura ngapi? Tunaweza kupitisha mutu?»

Jibu fupi ni hili: katika uchaguzi wa raisi wa Kongo, jimbo halina hata kura moja ya kwake. Wenye kura ni watu, mmoja mmoja. Lakini mwaka 2018 na mwaka 2023 tuliona kwamba watu wa jimbo wakikosa kupiga kura, hesabu ya inchi nzima inaguswa. Tufafanue polepole.

Marekani: jimbo ndilo linapeleka kura

Kule, mwananchi anapiga kura, lakini kura yake inaishia ndani ya jimbo lake. Kisha jimbo ndilo linapeleka wachaguzi wake. Wote pamoja ni 538, na mgombea anahitaji 270 ili apite. Kila jimbo linapata wachaguzi sawa na hesabu ya wabunge wake ukiongeza maseneta wake wawili. California, yenye watu wengi, iko na 54. Wyoming, yenye watu wachache, iko na 3.

Katika majimbo 48 kati ya 50, mgombea anayeongoza anabeba wachaguzi wote, hata akiongoza kwa kura chache tu. Maine na Nebraska peke yao wanagawa: wawili kwa aliyeongoza jimboni kote, na wengine kwa aliyeongoza katika kila sehemu ya uchaguzi wa mbunge.

Ndiyo sababu mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura za wananchi nyingi kuliko Donald Trump, karibu milioni 2.9 zaidi, na bado Trump ndiye aliyeingia ikulu.

Kongo: inchi nzima ni sanduku moja

Kwetu, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 70, inasema raisi anachaguliwa moja kwa moja na wananchi, kwa miaka mitano, na anaweza kurudia mara moja tu. Kwa uchaguzi huo inchi yote inahesabiwa kama eneo moja. Kura ya mama wa Birere, ya mchimbaji wa Walikale na ya mwanafunzi wa Kinshasa zinaingia katika jumla moja, na zina uzito mmoja.

Mwaka 2006 ulionyesha jambo hilo wazi. Wakati ule tulikuwa na majimbo 11. Katika duru ya pili, Jean-Pierre Bemba aliongoza katika majimbo sita: Kinshasa, Bas-Congo, Bandundu, Équateur na Kasai mbili. Joseph Kabila aliongoza katika matano: Kivu mbili, Maniema, Katanga na Province Orientale. Ingekuwa kila jimbo ni pointi moja, Bemba angepita. Lakini zilihesabiwa kura za watu, na Kabila alipata 58.05 kwa mia. Huku kwetu Kivu alipata zaidi ya 90 kwa mia, na kila kura iliyozidi ilimusaidia. Kwa mtindo wa Marekani, akishapita nusu ndani ya jimbo, zile zinazozidi hazimuongezei kitu.

Kuna jambo lingine lililobadilika. Mwaka 2006, kama hakuna aliyepita nusu, lazima warudie duru ya pili. Tarehe 20 Januari 2011 Katiba ilirekebishwa, na tangu siku ile duru ni moja tu: anayeongoza, hata kwa kura chache, amepita. Kabila alitangazwa mshindi mwaka 2011 na 48.95 kwa mia. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi wa 2018 na 38.57 kwa mia. Kwa sheria ya zamani, chaguzi hizo mbili zingeenda duru ya pili.

Beni na Butembo, 2018

Hapa ndipo jambo linatugusa. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba kura ya Beni, Butembo na Yumbi (huko Mai-Ndombe) inasogezwa mpaka Machi 2019. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama mdogo. Lakini raisi mpya alikuwa anapaswa kuapishwa Januari. Maana yake, kwa kiti cha raisi, watu hao walikuwa wametolewa. Tarehe 30 Desemba vijana na wazee wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakapanga mustari, wakapiga, kwa kuonyesha kwamba wanaweza. Kura hiyo haikuhesabiwa mahali popote.

Sasa tuangalie hesabu. Walioandikishwa katika sehemu hizo tatu walizidi milioni 1.2. Kwa matokeo ya CENI, Tshisekedi alipata kura 7,051,013 na Martin Fayulu 6,366,732. Tofauti yao ni 684,281. Yaani waliozuiliwa kupiga kura walikuwa wengi kuliko tofauti ya wa kwanza na wa pili. Hatuwezi kusema wangemuchagua nani, wala wangetoka wangapi. Hesabu inasema tu kwamba kura zao zingeweza kuwa na maana.

Matokeo yenyewe yalipingwa. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi karibu 40,000, walisema hayalingani na yale waliyokusanya. Korti ya Katiba iliyathibitisha, na raisi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019.

Masisi na Rutshuru, 2023

Tarehe 20 Desemba 2023, juu ya vita, watu wa teritware za Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwao, pamoja na Kwamouth upande wa magaribi. Mwaka huohuo, Wakongomani wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Canada na Marekani walimuchagua raisi kwa mara ya kwanza. Kura zao ziliingia katika jumla ileile. Kwa hiyo mutu wa Brussels alihesabiwa, na yule aliyebaki Bunagana hakuhesabiwa.

Mara hii tofauti ilikuwa kubwa: Tshisekedi alitangazwa na zaidi ya 73 kwa mia, Moïse Katumbi na karibu 18. Teritware mbili zisingegeuza matokeo. Lakini haki ya kupiga kura ni ya mutu, na haingoji kura zikaribiane ndipo iwe na maana.

Basi jimbo linahesabika wapi?

Linahesabika kwa viti vya wabunge. Bunge la taifa liko na viti 500. Wanachukua hesabu ya wote walioandikishwa, wanagawa kwa 500. Mwaka 2023 walikuwa karibu milioni 44, kwa hiyo kiti kimoja ni karibu watu 88,000. Kila jimbo linapata viti kufuatana na watu wake walioandikishwa, kisha vinagawanywa kwa miji na teritware, na kila moja inapata angalau kiti kimoja.

Sikia vizuri: wanahesabu walioandikishwa, si wakaaji wote. Inchi yetu haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Pale wakaaji wanapokimbia bila kuandikishwa, jimbo linaweza kupoteza viti.

Pia kuna maseneta, wanne kwa kila jimbo na wanane kwa Kinshasa, na kuna magavana. Hao wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, ambao watu wanawaita «wachaguzi wakubwa». Jina hilo linachanganya wengi, juu wachaguzi wa Marekani nao wanaitwa vilevile kwa Kifaransa. Wetu hawamuchagui raisi. Na hapa kwetu, tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, serikali ilikuwa inaweka gavana mwanajeshi, bila kura ya hao.

Wenzetu wa Kenya wamechukua njia ya katikati. Mgombea anatakiwa kupita nusu ya kura zote, na pia kupata angalau 25 kwa mia katika kaunti 24 kati ya 47. Hawezi kushinda kwa nguvu za upande mmoja wa inchi. Kongo haina sharti kama hilo.

Njia ya kura yako

Kura inahesabiwa palepale kwenye biro ya kura, mbele ya mashahidi wa wagombea na waangalizi. Wanaandika PV, wanatia sahihi, na karatasi ya matokeo inabandikwa hapo ili kila mutu asome. Kisha matokeo yanaenda kwenye senta ya kukusanya, halafu CENI inatangaza matokeo ya muda. Mwenye kupinga yuko na siku mbili kufika kwenye Korti ya Katiba, na Korti iko na siku saba kuamua.

Ile karatasi ya ukutani ndiyo mwananchi wa kawaida anaweza kuilinda. Ukiisoma na kuiandika, unaweza kulinganisha.

Muhula wa sasa ni wa miaka mitano, kwa hiyo uchaguzi wa kufuata unangojewa mwisho wa 2028. Kifungu cha 220 cha Katiba kinakataza kugusa haki ya wote ya kupiga kura. Kwa wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, swali la kuuliza mapema, mbele hata ya majina ya wagombea, ni hili: wataandikishwa wapi, na biro yao itafunguliwa? Ukiwa na karti yako, hata ya zamani, itunze.