Je, Wajua? Taa ya betri huiamsha alteneta

Gari la Ibaba, wilayani Ileje, linaweza kupelekwa mpaka Tunduma likafungwa alteneta na betri mpya, na bado lisichaji. Kabla hujanunua alteneta ya pili, jua haya:

• Katika magari mengi ya zamani, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haitoi onyo tu. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu yake ndio unaoipa rota ya alteneta usumaku wa kuanzia kazi. Balbu ikiungua, alteneta inaweza kuzunguka tu bila kuchaji. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa hiyo lazima iwake.

• Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, katika magari mengi husoma volti kati ya 13.5 na 14.7. Isipopanda, kagua kwanza mkanda, fyuzi kuu na nyaya.

• Weka mita ya volti kati ya bodi ya alteneta na ncha hasi ya betri, injini na taa kubwa zikiwaka. Ikisoma zaidi ya takriban volti 0.2, huenda waya wa ethi umelegea au una kutu.

• Betri iliyokufa kabisa ichajiwe kwanza kwa chaja. Kuifufua kwa alteneta huichosha alteneta yenyewe.

• Kuchomoa betri injini ikiwaka, eti kupima alteneta, kunaweza kuunguza diodi na hata kompyuta ya gari.