Chuo Kilichosimama kwa Kiapo cha Walimu

Je, Ndugu msomaji, ungekubali kuapa kwamba kwa miaka 20 hutadai mshahara upitao rupia 150 kwa mwezi, hata kazi yako ikistawi namna gani? Mwaka 1928 walimu wachache wa Jamia Millia Islamia, mjini Delhi, India, waliapa hivyo.

Chuo hicho kilizaliwa katika ugomvi. Mwaka 1920 Gandhi na Muhammad Ali waliwaendea wanafunzi wa chuo cha Waislamu cha Aligarh, wakawataka waipe kisogo elimu iliyotegemea ruzuku ya serikali ya Mwingereza. Wakuu wa chuo walikataa. Baadhi ya wanafunzi na walimu wakatoka. Tarehe 29 Oktoba, katika msikiti wa chuo hicho hicho, Maulana Mahmud Hasan alikizindua chuo kipya. Alikuwa mzee mgonjwa, aliyetoka kifungoni Malta mwaka ule ule. Hotuba yake ilibidi isomwe na mtu mwingine. Mwezi mmoja baadaye alifariki dunia.

Masomo yalianza katika mahema. Fedha zilitoka kwa harakati za kuutetea ukhalifa wa Uturuki. Waturuki wenyewe walipoufuta mwaka 1924, kisima kikakauka. Wapo walioshauri chuo kifungwe. Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa Delhi, alikataa katakata. Alikihamishia Delhi mwaka 1925, akakigharimia kwa mali yake. Gandhi naye alisema yu tayari kukiombea sadaka.

Mwaka 1926 vijana watatu walirejea kutoka masomoni Ujerumani: Zakir Husain, Abid Husain na Muhammad Mujeeb. Zakir, daktari wa uchumi, alikabidhiwa uongozi akiwa na miaka 29. Mwishoni mwa 1927 Ajmal Khan akafariki, na mfadhili mwingine wa namna yake hakuwapo. Ndipo kilipokuja kile kiapo. Twazoea kuwasifu waasisi. Kwa maoni yangu, waliokinusuru chuo hiki ni hawa wa rupia 150.

Tarehe 1 Machi 1935 jiwe la msingi la makao mapya liliwekwa Okhla, kusini mwa Delhi. Halikuwekwa na mheshimiwa yeyote, bali na mwanafunzi mdogo kuliko wote.

Katika ghasia za 1947 vitabu vya duka la chuo viliteketezwa kwa moto, lakini masomo yaliendelea. Mwaka 1988 Bunge lilikifanya chuo kikuu cha serikali kuu. Zakir Husain hakuiona siku hiyo. Alikuwa Rais wa India tangu 1967, akafariki madarakani mwaka 1969, akazikwa humo humo chuoni.