Mwili Husimamaje Bila Kuanguka?

Tazameni mama apandaye kilima na mtungi wa maji kichwani. Njia ina mawe na utelezi, naye hashiki mtungi kwa mkono. Mbona haanguki? Kwa sababu mwili wake una walinzi watatu.

Wa kwanza ni macho. Wa pili ni nyayo, viungo na misuli, vinavyouarifu ubongo jinsi ardhi ilivyo. Wa tatu amejificha ndani kabisa ya kila sikio. Humo mna mifereji mitatu midogo, iliyopinda na kujaa maji. Kichwa kikigeuka, maji hayo hubaki nyuma kidogo, yakainamisha vinyweleo vyembamba mno, navyo hupeleka habari ubongoni. Karibu na mifereji hiyo mna vijiwe vidogo vya chokaa, vinavyopima kuinama kwa kichwa.

Ninyi wanafunzi, jaribuni: simameni kwa mguu mmoja, kisha fumbeni macho. Mara mtayumba, maana mlinzi mmoja ameondoka.

Daktari Robert Bárány wa Vienna aliona kwamba akisafisha sikio la mgonjwa kwa maji baridi mno au ya moto mno, mgonjwa hupatwa na kizunguzungu na macho yake huchezacheza. Akatambua kwamba baridi au joto huyasukuma maji ya sikio la ndani. Kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914; habari hiyo ilimfikia akiwa mfungwa wa vita huko Urusi.

Basi, walinzi wasipopatana, mtu huona nyumba inazunguka. Majirani husema: Amelewa! Amerogwa! Sivyo. Pengine vijiwe vimetoka mahali pake na kuingia mferejini. Daktari ajuaye huvirudisha kwa kukigeuza kichwa polepole, bila kisu. Pengine ni usaha wa sikio uliopuuzwa tangu utotoni. Pengine ni dawa: streptomisini na gentamisini zaweza kuliharibu sikio la ndani. Kwa hiyo msichomwe sindano hizo bila amri ya daktari.

Lakini kizunguzungu kikija ghafula pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, msingoje kesho. Mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile. Na mkimwona mtu anayumba njiani, msimcheke. Mshikeni mkono, mkamwulize habari yake.