Miche ya jamii ya mnazi Shinyanga na Geita: faida au hasara huanzia kwenye mbegu

MIKOA ya Shinyanga na Geita hutajwa katika taarifa za soko kwa dhahabu, almasi, pamba na ng'ombe. Hata hivyo, kila mji unapopanuka huzaliwa soko jingine dogo: miche ya kupendezesha viwanja vya hoteli, nyumba za wageni, shule, ofisi na nyumba za watu binafsi. Katika soko hilo, miti ya jamii ya mnazi na mtende huuzwa ghali kuliko miche ya kawaida, kwa kuwa huchelewa kukua na aina nyingine hazionekani kila mahali.

Kwa mwenye mtaji mdogo na ua wenye maji, biashara hiyo inavutia, kwani kitalu cha miche mia moja hakihitaji eneo kubwa. Lakini mtaji hukaa ardhini miaka mitatu au zaidi kabla ya kurudi, na makosa mengi hufanyika siku ya kwanza kabisa, wakati wa kununua mbegu.

Si kila mti wa pwani unafaa

Anayeanza hufikiria kwanza mnazi. Huo ni mti wa joto la pwani: hustawi pale ambapo wastani wa joto kwa mwaka ni nyuzi 27 hivi, na hudumaa penye baridi. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Aidha, kiangazi huanza karibu Juni na kuendelea hadi Oktoba. Mche unaotakiwa ni ule unaostahimili mambo mawili kwa pamoja: ubaridi wa usiku na ukavu wa miezi mingi.

Miti ya nyumbani inayotimiza masharti hayo ipo. Mkindu, ambao majani yake hutoa ukindu wa kusukia mikeka na vikapu, huota kuanzia pwani hadi nyanda zenye urefu wa zaidi ya mita 2,000. Mvumo, wenye majani mfano wa kipepeo cha mkononi, huvumilia ukame vizuri.

Katika miti ya kigeni, mtende wa Visiwa vya Canary na Washingtonia, ambao asili yake ni California na Mexico, hustahimili baridi kali kuliko ile ya Geita, na pia ukavu ukishashika mizizi.

Baadhi ya aina zinazosifiwa nje kwa kuvumilia baridi zinahitaji tahadhari. Trachycarpus wa China huvumilia hata theluji, lakini jua kali na upepo mkavu wa Shinyanga humchosha. Jubaea wa Chile anaweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja kuota, na miongo kadhaa kufanya shina. Huo ni mti wa kuwaachia wajukuu, si wa kurudisha mkopo.

Mpapindi, ambao makao yake ya asili ni kisiwa cha Pemba pekee, ni adimu kweli, lakini umezoea unyevu wa msitu. Bara ungehitaji kivuli na maji muda wote.

Hesabu inayodanganya

Mbegu za miti hii haziwekwi kama mahindi ghalani. Nyingi hupoteza uhai zikikauka, nyingine kwa wiki chache tu. Washingtonia ni miongoni mwa chache zinazovumilia kukaa kavu. Muuzaji anaweza kuleta mbegu zinazong'aa kwa nje huku ndani zimekufa.

Ichukuliwe mfano wa mtu anayenunua mbegu 100 kwa Sh. 500 kila moja, yaani Sh. 50,000. Viriba, udongo na samadi vinamgharimu Sh. 40,000. Maji na uangalizi ni Sh. 10,000 kwa mwezi, ambazo kwa miezi 36 ni Sh. 360,000. Jumla ni Sh. 450,000. Akigawanya kwa 100 anapata Sh. 4,500 kwa mche, hivyo akiuza kwa Sh. 8,000 anaamini amepata faida ya Sh. 3,500.

Lakini mbegu zote haziwezi kufika sokoni. Zikiota 60, zikafa 15 mwaka wa kwanza, na miche mitano ikakataliwa na wanunuzi kwa kudumaa, imebaki 40. Gharama halisi ya kila mche ni Sh. 11,250, na kwa bei ile ile ya Sh. 8,000 anapoteza Sh. 3,250 kwa kila mmoja.

Mbegu zikiwa za zamani na miche 10 tu ikafika sokoni, hali ni mbaya zaidi. Hata kama gharama ya maji na uangalizi itapungua kwa nusu, kila mche utakuwa umegharimu Sh. 27,000.

Katika hesabu hiyo mbegu ni sehemu moja tu ya tisa ya gharama zote, lakini ndiyo inayoamua nyingine zote. Anayenunua mbegu za bei nusu ili kuokoa Sh. 25,000 anaweka rehani zile Sh. 400,000 zinazofuata.

Kukagua mzigo kabla ya kulipa

Njia rahisi ni kukata mbegu tano au sita kutoka sehemu mbalimbali za mzigo. Mbegu hai imejaa, ni ngumu na nyeupe ndani, bila harufu. Iliyosinyaa, yenye ukungu au inayocheza ndani ya ganda imekwisha. Muuzaji asiyekubali mbegu zake zikatwe amekwisha kujibu swali.

Swali la pili ni mti mama. Jamii ya mitende huchanganyika kwa urahisi. Mtende wa Canary uliosimama jirani na mkindu unaweza kuzaa mbegu chotara, na mnunuzi aliyelipia mti adimu akakuta mwingine miaka mitano baadaye.

Tena mkindu, mtende na mvumo huwa na mti dume na mti jike, na mbegu haionyeshi ni ipi. Kwa pambo si hoja, lakini anayetaka kuvuna tende asianze na mbegu. Wakulima wa tende hutumia machipukizi ya mti jike unaojulikana.

Kwa mbegu za kutoka nje ya nchi, kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) hutafutwa kabla ya kuagiza, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Masharti hayo yana sababu. Fukusi mwekundu, mdudu anayetoboa mashina ya mitende, amesambaa katika nchi za Ghuba na Mediterania kwa kusafirishwa ndani ya miti hai. Hivyo kuagiza mbegu ni salama kuliko kuagiza miti iliyokwisha kukua.

Kitalu cha uani

Nyama ya tunda huondolewa yote, kwani huzuia kuota na kualika ukungu. Mbegu hulowekwa siku moja au mbili huku maji yakibadilishwa, kisha hufukiwa kwenye mchanga wenye unyevu. Msimu unaofaa ni Septemba na Oktoba, wakati wa joto, ili miche ipate nguvu kabla ya ubaridi wa Juni. Washingtonia huota kwa wiki chache. Mkindu na mtende wa Canary huweza kuchukua miezi miwili au mitatu.

Mvumo una desturi yake. Kabla jani halijaonekana, mbegu hushusha mrija ardhini nusu mita au zaidi. Kiriba kifupi huukunja na kuuharibu. Ni heri kuupanda pale pale utakapokulia, au kwenye chombo kirefu sana. Kwa sababu hiyo haufai sana kwa biashara ya miche, ingawa unafaa kwa mwenye kiwanja chake.

Udongo mweusi wa mbuga hushika maji na kupasuka ukikauka, hivyo haufai peke yake. Udongo wa luseni wenye mchanga, ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga zilizochomwa, hupitisha maji. Marudio ya migodini yasitumike kabisa hata yakitolewa bure, kwa kuwa huweza kuwa na zebaki au sianidi.

Mche usitenganishwe na mbegu yake mapema, maana bado unanyonya chakula humo. Mwaka wa kwanza uwekwe kivuli chepesi, na mchwa waangaliwe kila wiki.

Soko la kesho

Jambo la mwisho ni kwamba mche unaoatikwa leo utauzwa kwa fedha za mwaka mwingine. Geita ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, na Kahama ikawa manispaa mwaka 2021. Hatua kama hizo huleta majengo na wateja. Lakini mwaka huo huo wa 2021 mgodi wa Buzwagi, jirani na Kahama, ulimaliza uzalishaji. Mji unaotegemea dhahabu unaweza kubadilika katika muda ambao mkindu mmoja unafika kiunoni.

Kinga ni kugawa mtaji. Washingtonia chache zinazokua haraka zinaweza kurudisha fedha ya maji mapema, mkindu ukabaki kuwa mzigo mkuu, na aina adimu zikawa sehemu ndogo ambayo mwenye mali anaweza kuikosa bila kuyumba. Mche ambao haukuuzwa mwaka huu, tofauti na nyanya, haujaoza. Ukipewa kiriba kikubwa zaidi huongezeka urefu, na bei pia. Faida hiyo humfikia yule tu ambaye bado ana uwezo wa kulipia maji.