Fahamu: Jinsi roboti inavyotengeneza kioo cha rangi cha majengo

Ni nini?
Ni kioo cha dirisha au ukuta chenye rangi na miinuko inayoshikika kwa vidole, kilichopambwa na roboti.

Hutengenezwaje?
Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, hutumia roboti kumwaga chembe za kioo cha rangi juu ya bapa la kioo, kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Bapa huchomwa tanurini hadi chembe zishikamane nalo, kisha hupozwa polepole lisipasuke. Kuna njia nyingine: mwaka 2015, watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walionyesha mashine inayochapa kioo kilichoyeyuka, tabaka juu ya tabaka.

Afrika Mashariki je?
Kitengela, karibu na Nairobi, karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze hugeuza chupa na vioo vilivyotupwa kuwa madirisha na mapambo, kwa mikono. Karakana ya Shanga, Arusha, nayo hurejeleza chupa, ikiajiri watu wenye ulemavu.

Kwa nini ni muhimu?
Rangi iliyoungana na kioo haibanduki kama karatasi ya kubandika. Mwanga huingia, faragha hubaki. Kwa fundi wa Tarime au Mugumu, mkoani Mara, Tanzania, pa kuanzia ni tanuri na chupa zilizotupwa; roboti yaweza kusubiri.