Sauti inachelewa, midomo inatangulia: taimukodi ni nini, na namna ya kuipanga kwenye mashine ya kurekodi

Video yenyewe ilikuwa nzuri. Kwaya moja ya hapa Goma ilishona vitambaa vipya, kanisa lilijaa, gitaa na ngoma zilisikika wazi, sauti zote nne zilitoka. Lakini ilipoanza kuzunguka kwenye simu za watu, maneno yakaanza mutaani: "Hawa bamefanya pleibaki, angalia midomo." Wanakwaya, wengi wao bamama wa soko, walikuwa wamechanga pesa kidogo kidogo kwa miezi ili kazi ile ipatikane. Mzee aliyewafundisha nyimbo alinipigia simu asubuhi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Mwanangu, tuliimba ao hatukuimba? Juu batu banatucheka."

Nilimujibu: "Papa, muliimba." Mimi ndiye nilikuwa nimeshika mashine ya sauti siku ile, na kosa lilikuwa langu. Lilikuwa kosa la reglaje moja tu, iliyofichama ndani ya menyu, ambayo sikuifungua kabla ya kuanza.

Ninaandika haya kwa sababu kazi hii imeongezeka sana kwetu. Vijana wanapiga filme ndoa, mazishi, kwaya, mikutano ya vijiji, na wengi wameacha kutegemea mikro ndogo ya kamera. Wanakodi mashine ya kurekodi ya pisti nyingi, yaani ile ambayo kila mikro iko na njia yake: pisti 4, 6 ao 8. Sauti inakaa upande moja, picha upande mwingine. Kisha lazima mutu azikutanishe kwenye montaji. Hapo ndipo taimukodi inaingia.

Taimukodi ni saa. Iko na sehemu nne: masaa, dakika, segonde, na sehemu ya mwisho ambayo saa ya ukutani haina, yaani nambari ya picha ndani ya segonde. Kioo kikionyesha 10:14:32:07, maana yake ni saa ine na dakika 14 za asubuhi, segonde 32, picha nambari 07. Kamera ikiwa na saa ile ile, fundi wa montaji anatafuta nambari moja pande zote mbili, basi, picha na sauti zinaketi pamoja. Mashine za kurekodi ndogo ambazo maredio mengi yanatumia, kama Zoom H6, haziko na taimukodi. Zile za filme, kama Zoom F8, ziko nayo.

Sasa swali lenyewe: segonde moja iko na picha ngapi? Hapa dunia haikusikilizana. Sinema ilichukua 24. Ulaya na inchi nyingi zilizofuata mutindo wa televisheni yake, na sisi ndani, zilichukua 25. Marekani ilichukua 30, kisha mwaka 1953, walipoleta televisheni ya rangi bila kutupa zile za zamani, wakapunguza mwendo kwa sehemu moja juu ya elfu, ikawa 29,97. Kwa hiyo ukifungua menyu ya mashine utakuta orodha ndefu: 23,976, 24, 25, 29,97, 30, na kando ya zingine herufi ND ao D.

Herufi zile ndizo zinachanganya watu zaidi, mimi wa kwanza. Shida iko hivi. Picha 29,97 hazijazi segonde kama 30 zinavyojaza, lakini saa ya taimukodi inahesabu mupaka 30 kabla ya kusema "segonde moja imepita". Kwa hiyo saa ile inatembea polepole. Chukua mashine mbili, moja kwa 25, ingine kwa 29,97 ND, zianzishe pamoja kwenye sufuri. Ile ya kwanza ikifika 01:00:00:00, ya pili itaonyesha 00:59:56:12. Imebaki nyuma segonde 3,6 kwa saa moja tu. Herufi D ni dawa ya kosa hilo: saa inaruka nambari mbili, 00 na 01, mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa dakika 00, 10, 20, 30, 40 na 50. Nambari 108 zinarukwa kila saa, na saa ya taimukodi inarudi karibu kabisa na saa ya ukutani. Watu wengi wanafikiri D inatupa picha. Hapana. Hakuna picha inayotupwa, ni nambari tu zinarukwa, sawa vile mwalimu anaruka nambari kwenye daftari la masomo lakini watoto wote wako darasani.

Siku ya kwaya, kamera zetu mbili zilikuwa kwa 25. Mashine ya sauti tuliikodi, na aliyeitumia mbele yetu aliiacha kwa 29,97 ND. Saa tatu kamili asubuhi tuliweka saa sawa kwenye zote, tukafurahi. Mimi nikawa ninaandika kwenye kikaratasi nambari ya kila wimbo, niliyoisoma kwenye kioo cha mashine yangu. Wimbo wa kwanza ulianza kisha saa moja hivi: kikaratasi changu kilikuwa kimeshakosa kwa segonde 3 na nusu. Wimbo wa mwisho, saa sita, kilikosa kwa karibu segonde 11. Fundi wa montaji alifuata kikaratasi, akaona mambo hayaingiani, akaanza kusogeza kwa macho, wimbo kwa wimbo, usiku, na moteri ya jirani ikizimika mara kwa mara. Fasi zingine alipata. Fasi zingine alikosa kwa picha 5 ao 6, na hiyo inatosha ili mutu aseme pleibaki.

Kwa nini inatosha? Picha moja kwa 25 ni sehemu 40 za elfu za segonde. Wataalamu wa Umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, walipima: sauti ikitangulia picha kwa sehemu 45 za elfu, macho ya watu yanaanza kushituka, ikichelewa, wanavumilia mupaka karibu 125. Tunavumilia zaidi sauti inayochelewa juu tumezoea: mutu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka inaanguka kwanza, kisha unasikia. Sisi tulichelewa kwa 200 na zaidi.

Jambo moja nilielewa kisha, na ninaomba lishikwe vizuri: kubadilisha hesabu ya picha kwenye mashine ya sauti hakubadilishi sauti. Haiikimbizi, haiipunguzi. Inabadilisha tu nambari ambazo zinaandikwa kando yake. Ndiyo maana sauti ya kwaya ilikuwa nzima ndani ya karte, na kazi iliweza kurudiwa. Kinachobadilisha sauti ni reglaje ingine, ile ya kilohezi. Kwa video weka 48. Ukirekodi kwa 44,1 na programu mbaya ikaisoma kama ni 48, kwaya itaimba haraka na sauti itapanda karibu nusutoni moja na nusu, basi wote wanakuwa watenori. F8 iko pia na 47,952 na 48,048. Hizo ni za kazi za sinema na zile hesabu za Marekani. Usiziguse.

Basi tuweke ngapi? Kwetu ninasema 25, na kamera zote 25. Si kwa sababu ya televisheni tu. Umeme wetu ni wa herzi 50, na taa nyingi zinapepesa mara mbili ya mwendo huo. Kamera ya 25 yenye kasi ya 1/50 inapatana nao. Kamera ya 30 yenye 1/60 mara nyingi inaonyesha mistari inayotembea ukutani. Kamera nyingi zinaletwa zikiwa kwa NTSC, na ukibakia pale hautaona hata 25 kwenye orodha. Badilisha iwe PAL kwanza, kisha 25 itatokea. Kama rafiki amekuja na kamera yake na anakataa kutoka kwa 29,97, basi mashine ya sauti ifuate kamera ile. Sheria ni kwamba picha ndiyo inaamua, sauti inafuata.

Kisha menyu itakuuliza namna saa itembee. "Free Run" maana yake inatembea muda wote, urekodi ao usirekodi. "Record Run" inatembea tu wakati unarekodi, na ukisimamisha inasimama. Ukiwa na mashine zaidi ya moja, chukua ya kwanza. Ya pili ni ya mutu anayefanya kazi peke yake. Iko pia ile inayofuata saa ya ndani ya mashine, yaani saa ya siku. Ni nzuri, lakini kwetu iko na mutego wake. Goma, Bukavu, Bunia na Kindu tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na Uganda iko saa moja mbele yetu. Nimeona timu ya watu watatu yenye saa tatu tofauti: moja alifika kwa ndege kutoka Kinshasa, moja alivuka Bunagana, na wa tatu ni wa hapa. Kila moja aliweka kamera kwa saa ya simu yake. Musiamini simu. Mashine moja iwe mama, zingine zichukue saa kwake, kwa kabo, kutoka kwenye shimo la taimukodi ya kutoka mupaka la kuingia.

Kamera nyingi tunazotumia haziko na shimo la kuingiza taimukodi. Kuna njia. Taimukodi yenyewe ikipita kwenye kabo ni sauti, inalia kama faksi ya zamani. Unaweza kuiingiza kwenye shimo la mikro ya kamera, ikarekodiwa kwa pisti moja, na programu kama DaVinci Resolve inaweza kuisoma kutoka pale. Punguza nguvu yake mbele, la sivyo itaharibika na kuvuka ku pisti ya pili. Na usisahau kuinyamazisha kabla ya kutoa video. Nilishasikia harusi moja ikilia vile kwa dakika nzima.

Kwa wale wa mikesha ya maombi: taimukodi haijui siku. Ikifika 23:59:59:24 inarudi 00:00:00:00, na programu itafikiri wimbo wa saa saba za usiku ulikuwa mbele ya ule wa saa ine za usiku. Kwa mukesha, usiweke saa ya kweli. Anza na 01:00:00:00 wakati watu wanaingia, na utakuwa na masaa 23 mbele yako.

Hata ukipanga yote sawa, taimukodi inakupa mwanzo tu. Haishiki mkono wa mashine njiani. Kila mashine iko na jiwe lake la kuhesabu wakati, na la bei rahisi linaweza kukosa sehemu 50 juu ya milioni. Ni kidogo, lakini kwa saa moja ni segonde 0,18, yaani zaidi ya picha 4. Ndiyo maana usirekodi ibada nzima kwa fishie moja kama unaweza kusimamisha kati ya nyimbo. Kila mwanzo mupya unapangwa upya.

Na ndiyo maana, hata na mashine ya bei kali, tunapiga makofi. Mutu moja anasimama mbele ya kamera zote, anapiga mikono mara moja kwa nguvu, mwanzoni na mwishoni. Asimame karibu na mikro, juu sauti inatembea karibu meta 340 kwa segonde: kamera iliyo nyuma ya kanisa, meta 27, mikro yake inasikia kofi picha mbili nyuma. Kofi la pili linakuonyesha kama sauti ilikimbia ao ilichelewa njiani. Haligharimu kitu, na siku ile sikulipiga.

Simu ni hadithi ingine. Nyingi hazishiki hesabu moja. Segonde hii zinachukua 30, giza likiingia zinapunguza. Kabla ya montaji, pitisha video ile kwenye HandBrake, ni ya bure, na uchague hesabu isiyobadilika.

Video ya kwaya tuliirudia. Hatukuangalia midomo tena, tulitafuta pigo la kwanza la ngoma kwa kila wimbo na kuliweka juu ya picha ambapo fimbo inagusa ngozi. Ilichukua siku mbili. Nyimbo kumi na moja zimeketi vizuri. Ya kumi na mbili haina ngoma, ni sauti tu, na inaanza na kamera ikiwa imeelekea dirishani, pale tumekadiria. Mzee aliangalia yote kwenye ordinatere yangu, akiwa amevaa kaske, mupaka mwisho, kisha akaomba tumurudishie wimbo wa tano.