Je, Wajua? Malofa, Majuha na Jasusi wa Kofia

Hapa Miembeni, Bukoba, wengi wetu tulisoma katuni kwanza kwenye karatasi za kufungia karanga. Ukishatafuna karanga unainyoosha karatasi, unamkuta Kipepe, mhusika wa katuni, yuko matatani, na namna alivyochomoka iko kwenye karatasi ya mteja mwingine. Gazeti zima lilishuka na meli kutoka Mwanza, likapitia kwa vinyozi wawili na fundi viatu mmoja kabla ya kufika nyumbani, jalada lishang'oka. Haya ya leo nayo nimeyaokota hivyohivyo, kipande hapa, kipande pale.

Je, wajua kwamba Sani, gazeti la vichekesho lililotawala miaka ya 1980, ni watu wawili? Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walichukua silabi ya kwanza ya kila jina, Sa na Ni, wakaziunga. Zilikuwa nyakati za foleni ya sukari na sabuni, na huenda ndiyo sababu wahusika wake walikuwa watu wa kuungaunga maisha. Yatazame majina yenyewe. Lodi Lofa: lodi ni bwana mkubwa wa Kiingereza, lofa ni mtu asiye na kazi wala senti, na wote wawili wanakaa ndani ya suruali moja. Ndumilakuwili ni yule nyoka anayesemwa ana kichwa huku na huku, kisha ni mtu anayekula kwako na kwa adui yako. Kipepe aliitwa Komredi, na katika nchi ya Ujamaa hapo kila msomaji alijua anachekwa nani. Mmoja wa wachoraji walioupa ukoo huo sura, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986, kijana kabisa. Wahusika waliendelea kuishi kwa mikono ya wengine.

Kabla yao alikuwepo Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, gazeti la chama, tangu enzi za TANU. Alivuma mpaka jina lake likageuka jina la katuni zote. Mzee akisema "nionyeshe chakubanga ya leo," hamtafuti mtu, anatafuta ukurasa.

Na Kenya? Huko Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, akaendelea naye kwa zaidi ya nusu karne, hasa katika Taifa Leo. Jina hilo nalo lina mtego. Juha tunamjua. Kalulu, kwa Kichewa na Kibemba, ni sungura, yule mjanja wa ngano. Kwa hiyo mhusika maarufu wa katuni za Kiswahili nchini Kenya anaitwa, ukipenda, Mjinga Mjanja. Gitau alifariki mwaka 2016.

Mimi nina dhana yangu kuhusu haya. Wamarekani walipokosa raha walichora mtu anayeruka angani na chupi nje ya suruali. Sisi tulichora lofa anayedaiwa kodi ya chumba. Sidhani kama ni ufukara wa mawazo. Abunuwasi tulikuwa naye tayari, na aliyemzoea Abunuwasi hahitaji mtu wa kuruka. Huyu naye, kumbe, alikuwa mtu wa kweli: Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, mpenda mvinyo na mdomo mchafu. Waswahili wakamfanya mwerevu wa kijiji. Katika miaka ya 1990 Gado, mchoraji aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuvumia Nairobi, alimtolea kitabu cha katuni kupitia Sasa Sema, shirika la huko lililochapa vitabu vya katuni kwa Kiswahili.

Shujaa wa ngumi tulikuwa naye mmoja, na hakuchorwa, alipigwa picha. Lance Spearman, tuliyemwita Spia, alikuwa jasusi wa jarida la African Film la kampuni ya Drum: kofia, sigara nene, na wabaya wanaoanguka mmoja baada ya mwingine. Aliyemwigiza, Jore Mkwanazi, alikuwa Mwafrika Kusini. Picha zilipigwa Swaziland, na vijana wa Afrika Mashariki wakaiga kofia. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), alijibu kwa Film Tanzania, hadithi za picha zenye sura na mitaa ya hapahapa.

Pichadithi je? Neno hilo tamu, picha na hadithi, liliwekwa kwenye majalada ya mfululizo wa vitabu vya katuni na Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya na ambaye mwaka 1973 alianzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno. Ndani ya Pichadithi yumo Luanda Magere wa Wajaluo, mwenye mwili wa jiwe, aliyeuawa kwa mkuki uliochoma kivuli chake. Bahati mbaya neno likawa la Kiswahili, maandishi yakawa ya Kiingereza.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Bogi Benda, kichekesho cha Daily Nation la Nairobi, kilianzishwa na James Tumusiime, Mganda aliyekuwa uhamishoni. Baadaye ndiye aliyeanzisha Fountain Publishers mjini Kampala na kituo cha utamaduni cha Igongo karibu na Mbarara, kwa Wanyankole, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka ambao Mhaya husikilizana nao bila mkalimani.

Hata Wakanda, nchi ya kubuni katika katuni za Kimarekani, imetukaribia. Shujaa wake, Black Panther, alitokea mara ya kwanza mwaka 1966, na wengi huiweka nchi yake karibu na Ziwa Turkana. Mwandishi Ta-Nehisi Coates alipoanza kumwandika mwaka 2016, aliiweka kwenye Ziwa Victoria, jirani na nchi ya kubuni iitwayo Azania, jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa pwani yetu. Ufalme wenye madini mengi kuliko dunia nzima, ziwa hilihili, na hakuna mvuvi wa Kagera aliyewahi kuuona. Labda wanakuja kununua dagaa usiku.

Nimalizie na ile niipendayo kuliko zote. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, Kongo, alichora kitabu cha katuni Madame Livingstone, kilichotoka mwaka 2014 na alichokiandika pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni hadithi ya rubani Mbelgiji anayetumwa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuizamisha meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo ni ya kweli. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa ndani ya makasha hadi Kigoma na kuunganishwa upya mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi isishike kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya: Liemba.